Alhamisi za Stoo ya Mashuka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari hili saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimefura. Nataka pawe na mahali palipoandikwa kwamba nilikubali kwa shingo upande.

Mkurugenzi wa hospitali aliniita ofisini kwake. Mezani palikuwa na faili la yule mama wa Januari, aliyejifungua salama mikononi mwangu kisha akavuja damu mpaka ikabidi apasuliwe na kutolewa mfuko wa uzazi. Ana miaka ishirini na miwili. Hatazaa tena. Faili linasema damu ilijikusanya chini ya mgongo wake na hakuna aliyeiona mapema. Mimi, mkuu wa wodi ya wazazi, niliandika "hali nzuri" mara mbili kwa mkono wangu.

"Sista, sikulaumu kwa damu," akasema Mkurugenzi. "Nakulaumu kwa ukimya. Chumbani mlikuwa wanne, na hakuna aliyetoa neno."

"Hakukuwa na la kusema," nikamjibu.

Basi amenipa msimu huu wa mvua. Kila Alhamisi alasiri, watu wa wodi yangu watafanya mazoezi ya kuigiza na mkufunzi kutoka nje. Nikikosa Alhamisi hata moja, au mvua zikiisha asione mabadiliko, ukuu wa wodi anapewa mwingine na mimi nahamishiwa kwenye kufulia, nikahesabu mashuka. Miaka thelathini na moja nimepokea watoto. Wengine niliowapokea sasa wanakuja kujifungua kwangu. Najua mgongoni wananiita Radi, na sijawahi kuona ubaya wake, maana radi ikipiga watu huamka.

Nimemweleza mume wangu. Yeye ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani kwetu, na kwa kuwa muda wote ana msumari mdomoni, maneno yake ni ya kuhesabu. Leo aliutoa.

"Utaigiza nini?"

"Sijui."

"Wakikupa sehemu ya kununa, usifanye mazoezi. Hiyo unaiweza."

Sikumjibu. Nimenuna.

Alhamisi, 7 Machi

Tumepewa stoo ya zamani ya mashuka, nyuma ya jengo la kufulia. Ukuta umepakwa chokaa nusu, paa ni bati tupu, na mvua ikikolea humsikii hata aliye mbele ya pua yako.

Mkufunzi ni kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na sauti ya chini mpaka unatamani kumwongezea. Ameleta mgonjwa aliyeshonwa kwa mashuka mabovu, kajazwa vitambaa, tumbo lina zipu. Daktari wetu, mrefu anayeinama kila mlango, aliifungua na kuifunga ile zipu mara tatu kama mtoto aliyenunuliwa suruali mpya.

Kila mtu anavuta kikaratasi kwenye bakuli na kucheza alichoandikiwa. Daktari anaweza kuwa mume wa mgonjwa, mfanya usafi anaweza kuwa daktari. Vyeo vinaachwa mlangoni. Yeyote akisema "Simama," wote wanasimama, na hapo Mkufunzi alinitazama mimi. Mchezo ukiisha tunakaa duara, kila mtu anasema alichoona na alichoogopa, na kujitetea hakuruhusiwi. Na kwa kuwa hatuna dawa za kuchezea, wakati wa sindano ukifika unagusa sinia na kusema "Imeingia." Inahesabiwa imeingia.

Nimevuta kikaratasi cha mama mkwe wa mgonjwa. Nikakaa kwenye kiti, nikanyamaza robo saa.

"Mama mkwe, mbona husemi kitu?" akauliza Mkufunzi.

"Mimi ni mama mkwe mwema."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Shangazi ni mfanya usafi wetu, na kila mtu humwita hivyo, kuanzia wagonjwa hadi Mkurugenzi. Ambaye hakucheka ni yule muuguzi mdogo, huu mwaka wake wa pili kwetu, niliyembandika jina la Kimya tangu siku ya kwanza. Muda wote anatazama sakafu. Nimekuwa nikidhani hana la kusema kwa sababu hana anachofikiri.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Watoto watano, wote wazima.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimekuwa mgonjwa. Mdoli amepumzishwa, nikalala mimi mezani, shuka mpaka kidevuni. Walinizunguka sita. Wakazungumzia presha yangu, mkojo wangu na mguu wangu uliovimba, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Daktari aliegemeza faili juu ya tumbo langu ili aandike vizuri.

Kwenye duara nikasema, "Niliogopa mtaenda kunywa chai mnisahau hapo." Wakacheka, nikacheka, lakini sikuwa natania.

Jioni hii najiuliza ni lini mara ya mwisho nilimtazama mama usoni kabla ya kumtazama kwingine. Sikumbuki.

Jumapili, 17 Machi

Maji yameingia kwenye korido ya wodi. Ndoo nne. Nimefokea watu wawili. Hii ya kuhesabu ninaofokea ni mpya.

Alhamisi, 21 Machi

Nitaandika polepole.

Bakuli lilipopita, Shangazi alivuta "mkuu wa wodi." Mimi nikavuta "muuguzi mwanafunzi." Stoo nzima ikaguna kwa pamoja. Mkufunzi akatupa habari: mgonjwa amejifungua dakika ishirini zilizopita, hali nzuri, mnasafisha.

Shangazi aliegemeza ufagio ukutani, akanyoosha gauni lake la kazi, akachomeka kalamu sikioni, akaingia akipiga visigino. Visigino vyangu vile. Sikujua kwamba natembea hivyo. Akapita kwenye vitanda visivyokuwepo, akigusa hapa na pale kwa kidole kimoja, kisha akikikagua kidole. "Nani kaweka hii hapa? Wewe? Una macho au una mapambo?" Watu hawakuwa na mbavu. Neno hilo ni langu. Nimelisema miaka ishirini nikidhani linachekesha wanaoambiwa.

Nikajikaza, nikaendelea kukunja vitambaa. Ndipo nikaona wekundu. Mkufunzi alikuwa amemfichia mdoli chupa ya maji ya rangi, na shuka lilikuwa linalowa taratibu upande wa ukutani, ambako Shangazi aliposimama asingeona. Hakuna mkunga asiyejua maana ya shuka la namna ile. Nikaanza, "Sista..."

"Nimekuuliza?" Hata hakugeuka.

Nikafunga mdomo.

Naandika tena nisije nikajidanganya kesho. Mimi, mkunga wa miaka thelathini na moja, niliona damu nikafunga mdomo. Ilikuwa maji ya rangi, na aliyenikemea ni Shangazi, ambaye nje ya mlango ule huniita Mama. Bado nilisimama na vitambaa mkononi nikingoja aniulize. Nilijiambia labda ameona. Nilijiambia labda ni kidogo. Nilijiambia nikisema na isiwe kitu, nitachekwa. Dakika nne nzima. Mkufunzi alikuwa na saa.

Kwenye duara akaniuliza, "Uliona nini?"

"Damu."

"Uliogopa nini?"

Nikamwonyesha Shangazi kwa kidevu. Safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi mwenyewe alikuwa anafuta macho. "Nisamehe, Mama, nilikuwa naiga tu."

Hapo Kimya akasema kitu. Mvua ilikuwa inapiga bati na sauti yake ikamezwa. Mkufunzi akamwomba arudie. Akarudia, tusisikie. Mara ya tatu tukasikia sote.

"Hata mimi niliona. Ile Januari. Niliona shuka limelowa chini ya yule mama, nikakaa nalo moyoni dakika kumi."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Jana yake uliniambia, Sista, nikiwa na la kusema ningoje niulizwe."

Sikumbuki kumwambia. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote. Kwake ilikuwa amri ya kushika, na kwangu ilikuwa Jumanne tu kama Jumanne nyingine.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekasirika. Angepiga kelele! Angenivuta nguo! Binti wa watu amepoteza uzazi kwa sababu mtu anaogopa kukemewa! Nimepita wodini kutwa nzima nikimtazama Kimya kwa jicho baya, naye akitazama sakafu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemweleza mume wangu yote. Akatoa msumari.

"Na wewe ulikaa kimya dakika ngapi?"

"Nne."

"Na uliyekuwa unamwogopa ni Shangazi."

Akaurudisha msumari mdomoni. Nimelia hapohapo barazani, katikati ya viatu vya watu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeandika maelezo mapya kwenye faili la Januari: aliyeona aliogopa kusema, na aliyemwogopesha ni mimi. Mkurugenzi aliyasoma akiwa amesimama. Alichosema ni, "Msimu haujaisha."

Kimya nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Maneno niliyoyapanga njiani yote yakanitoka. Nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Nakuomba radhi." Akasema, "Ndiyo, Sista." Nikasema, "Na usiniogope tena." Akasema, "Ndiyo, Sista." Nimeomba radhi na kutoa amri kwa pumzi moja.

Alhamisi, 28 Machi

Kazi ya leo: Kimya aseme "Simama" na sisi tulio upande wa pili wa stoo tusikie. Mvua imemshinda. Amejaribu mara tisa. Sauti inatokea puani, inafia njiani.

Mkufunzi akaniomba nikae karibu naye nimtie moyo. Nilipokaribia, hata ile ya puani ikakata.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Pacha, wavulana, wakali. Sijafokea mtu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwa yule mama wa Januari. Anaishi kwa dada yake, nyuma ya duka la rangi. Sikumwomba mtu anisindikize, nilimdokezea Shangazi tu, lakini nilipofika lango la hospitali nilimkuta Kimya ananingoja na mwavuli.

Tulimweleza. Mimi nikasema sehemu yangu, Kimya akasema yake. Yule mama alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto, bila kutukatiza. Kisha akasema, "Asanteni kwa kunieleza. Sasa naomba muende."

Nilijiambia tangu nyumbani kwamba siendi kutafuta msamaha. Njiani wakati wa kurudi ndipo nilipojua kwamba niliutafuta. Kimya alishika mwavuli juu ya vichwa vyetu vyote viwili, na bega lake la kushoto likalowa chepechepe.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeharibu. Kimya alinipa chati ya presha ya saa mbili zilizopita, nami nikaropoka mbele ya wagonjwa, "Una macho au una mapambo?"

Wodi ikazizima. Miaka yote nilidhani ukimya ule ni heshima. Leo nimeusikia vingine: ni watu kumi na wawili wameshikilia pumzi.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikasema, "Tuirudie." Nikamrudishia chati, nikatoka nje, nikafunga mlango, nikaingia upya. "Habari za zamu," nikasema. "Naona chati hii ni ya saa mbili zilizopita. Hebu nieleze."

Akanieleza. Mashine ya presha tunayo moja, na wodi ya jirani wameiazima tangu asubuhi na hawajairudisha. Kwa njia ya kwanza nisingejua kamwe. Nikaenda kuidai mwenyewe, na huko nikaitumia ile sauti ya zamani yote, maana kila kitu kina mahali pake.

Mgonjwa wa kitanda cha nne anasema wodi yetu ina mchezo mzuri kuliko wa redio. Ameomba asiruhusiwe mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 11 Aprili

Imesikika! Kimya alinisimamisha nikiwa namfunika mdoli blanketi kichwani badala ya miguuni. "Simama!" Ilikuwa nyembamba, lakini ilivuka stoo nzima. Tulipiga makofi mpaka watu wa kufulia wakaja kuchungulia.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemshawishi mume wangu tubadilishane. Yeye awe mimi, mimi niwe yeye, kwa dakika kumi.

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nani kaacha viatu njiani? Nyumba hii ina viatu kuliko watu!" Nikakaa kwenye kigoda chake, nikabana msumari kwa meno. "Mm," nikasema. "Nazungumza na ukuta?" "Mm." "Leo umekula?" "Mm."

Akatoka kwenye mchezo. "Jamani, mimi huongea zaidi ya hapo."

"Mm," nikasema.

Tumecheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Tangu hapo mpaka usiku huu amekuwa akiutoa msumari kabla hajajibu, na mimi navivuka viatu bila kusema neno. Karibu kila mara.

Alhamisi, 25 Aprili

Mkufunzi anaweka hesabu. Tangu Machi, neno "Simama" limesemwa kwa kweli wodini mara saba. Nne ni Shangazi, kwa sababu ya sakafu yenye maji. Mbili ni Daktari. Moja ni mimi, nikijisimamisha mwenyewe.

Kimya, stooni husema. Wodini bado. Mkurugenzi alipita leo, akaiangalia karatasi ya hesabu, akauliza jina gani halipo. Mkufunzi akamwonyesha. Akaondoka, na mimi nikahesabu Alhamisi zilizobaki.

Alhamisi, 2 Mei

Mazoezi ya tisa. Mikono yetu sasa inajua njia. Imeingia, imeingia, imeingia.

Jumanne, 7 Mei

Mvua ya kupasua bati. Mwalimu wa chekechea, mtoto wake wa tatu, alijifungua saa nane na robo mchana, binti, kilio kizuri. Kondo la nyuma likatoka zima. Nikamtazama usoni, nikamuuliza anajisikiaje.

"Nasikia baridi, Sista."

Zamani ningemwongezea blanketi nikapita. Leo nilifunua shuka.

Damu ilikuwa nyingi na ilikuwa inaendelea, na tumbo lake lilikuwa laini. Nikaita. Wakaja, kila mtu mahali pake, hakuna kugongana. Daktari kwenye dripu, Kimya upande wa kushoto na karatasi ya saa, Shangazi mlangoni na vitambaa safi. Mimi nikalikanda tumbo kwa mkono mmoja, na sinia la dawa lilikuwa mkono wa kulia. Tulikuwa tumeifanya mara tisa.

"Dawa ya kukaza mfuko wa uzazi?" akauliza Daktari.

Mkono wangu ukagusa sinia. "Imeingia," nikasema.

Nilisema kwa moyo mweupe. Ningepelekwa mbele ya hakimu ningeapa. Kichwani mwangu sindano ilikuwa imeshachomwa. Daktari akaangalia saa yake, tukangoja tumbo likaze. Halikukaza. Dakika zikapita, damu ikaendelea, midomo ya yule mwalimu ikawa na rangi ya majivu.

"Haisikii dawa," akasema Daktari. "Andaeni chumba cha upasuaji."

Tulijua sote maana yake ni nini. Ni Januari tena. Nikageuka kutoa maagizo.

"Simama!"

Haikutokea puani. Ilipita juu ya bati, juu ya mvua, juu ya kilio cha mtoto. Kimya alikuwa amenyoosha kidole kwenye sinia. "Haijaingia, Sista. Umegusa tu. Ampuli ile pale, nzima."

Nitasema kweli yote. Kwa pumzi moja, Radi alinipanda kooni. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi, nayo ni, "Unaniambia mimi?" Nikayameza, nikatazama. Ampuli, kile kichupa cha dawa, ilikuwa imelala kwenye sinia, shingo yake haijavunjwa.

"Kweli haijaingia," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Asante. Vuta wewe, nichome mimi. Tusome pamoja."

Akaivunja, akavuta, akasoma jina la dawa kwa sauti, nami nikasoma, nikachoma paja. "Imeingia," tukasema wote wawili. Akaandika: saa tisa kasoro dakika ishirini. Nikaurudisha mkono tumboni. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu nikasikia chini ya kiganja mfuko wa uzazi unajikunja, unajikaza, unakuwa mgumu. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Daktari akaegemea ukuta na kuteleza mpaka chini, miguu yake mirefu ikaziba njia.

"Mtoto wangu yuko wapi?" akauliza mwalimu.

"Huyu hapa," akasema Shangazi. "Ana njaa na ana hasira, mchukue mwenyewe."

Nilikwenda kukaa juu ya magunia ya nguo chafu, peke yangu. Kisha nikaanza kucheka, kisha kulia, vyote kwa zamu. Mama huyu anao uzazi wake. Ana watoto watatu, na akitaka wa nne atampata. Na aliyemwachia ni yule niliyedhani hana anachofikiri.

Jumatano, 8 Mei

Mkufunzi amekuja mbio, miwani mkononi. Ameelewa kabla sijamaliza kusimulia. Mara tisa nimeufundisha mkono wangu kwamba kugusa sinia ndiko kuchoma, na siku ya kweli mkono ukafanya ulichofundishwa.

"Kanuni ilikuwa yangu," akasema. "Nawaomba radhi."

"Kanuni yako, mkono wangu," nikamwambia. Kuanzia kesho tunatumia ampuli za maji matupu. Zinavunjwa kweli, zinavutwa kweli, na paja la mdoli linachomwa kweli.

Daktari alinivuta pembeni baada ya zamu. "Sista, mgonjwa ni mzima. Sioni haja ya kuliandika lile. Zimebaki wiki tatu tu, ukipeleka kitu kama hiki wanakupa mashuka uhesabu."

Alisema kwa nia njema. Nami nilishawishika, sifichi. Nilizunguka na wazo hilo toka kazini mpaka nyumbani. Lakini nisipoandika kosa langu, jina la aliyenisimamisha litaandikwa wapi?

Alhamisi, 9 Mei

Nimewasilisha ripoti. Mistari sita. "Nilisema dawa imeingia, na haikuwa imeingia." Mstari wa nne una jina kamili la Kimya.

Mchana, stooni, nimevunja ampuli kumi na mbili za maji. Nimejikata vidole viwili.

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu ameondoka leo kwa miguu yake mwenyewe, binti kifuani. Mvua imempisha.

Jumatatu, 13 Mei

Mkurugenzi ameniita. Safari hii ameniambia niketi. Mezani palikuwa na mafaili mawili, la Januari na la Jumanne.

Akaisoma ripoti yangu mbele yangu, kila mstari, kidole juu ya karatasi. Akaivua miwani.

"Nimekupa msimu mzima uniletee mabadiliko. Umeniletea kosa."

"Nimekuletea."

"Ungeweza kulinyamazia. Daktari amekiri kwamba alikushauri hivyo."

"Ningeweza."

"Sasa niambie, Sista Mkuu. Kwa nini nikuachie wodi?"

Nilikuwa sijajiandaa. Nimekuwa nikijiandaa miaka thelathini na moja kueleza kwamba sikosei. Nikasema lililokuja.

"Kwa sababu wodi ile, mimi nikikosea, nasimamishwa."

Akaivaa tena miwani. Kisha akachukua kalamu akaandika juu ya ripoti, akaigeuza ili nisome: *Abaki. Mazoezi yaendelee. Wodi nyingine zijifunze kwake na kwa muuguzi aliyetajwa mstari wa nne.*

Nilitembea mpaka mwisho wa korido kwa adabu zote za mkuu wa wodi. Nilipopinda kona nikapiga kigelegele. Shangazi akaacha ndoo akanijibu, bila kujua kuna nini, na wagonjwa wa wodi mbili wakapokea.

Kimya nilimkuta anabadilisha dripu. Nikamwambia Mkurugenzi ameandika nini. Akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi.

"Sista, naomba kitu. Nina jina."

"Unalo," nikasema. "Nisamehe." Nikamwita kwa jina lake mara tatu pale pale, mpaka akacheka. Ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Mume wangu alipopata habari alitupa nyundo, akanibeba. Barazani, mbele ya mteja. Mgongo unamuuma mpaka sasa, na anasema haumuumi.

Ijumaa, 31 Mei

Jua la siku ya nne. Daftari limebakiza ukurasa mmoja.

Nimepingwa leo mara nne kabla ya chai ya saa nne. Daktari kuhusu dripu, Shangazi kuhusu mlango, mwanafunzi wa wiki ya pili kuhusu uzito wa mtoto, na yule niliyekuwa nikimwita Kimya kuhusu dawa, kwa sauti iliyofika mpaka getini. Mara tatu wao ndio waliokuwa sahihi. Mara moja nilikuwa mimi, nikawaonyesha kwa nini, wakaelewa, tukaenda kunywa chai.

Watoto saba, wote wazima.